Bia, gongo, bangi na tumbaku: sheria inavyovigawa vilevi, na Tabora inavyoishi navyo

Ingia kijiji chochote cha Uyui au Kaliua msimu wa masoko ya tumbaku, wakulima wakiwa wameanza kulipwa. Ndani ya mwendo mfupi wa miguu utapita baa yenye jokofu la bia, kilabu cha pombe ya kienyeji ambako wanzuki inatekwa kwa kopo, nyumba ya pembeni ambayo kila mtu anajua ina gongo, kijana mwenye misokoto ya bangi mfukoni, na ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, lililojaa mitumba (marobota) ya tumbaku. Vyote vitano vinabadili kichwa cha mtu, na vyote vitano vinaweza kumfunga asiweze kuviacha. Mbele ya serikali, hata hivyo, kila kimoja kina njia yake. Bia ina leseni na kodi. Wanzuki ina kibali cha halmashauri. Gongo ni haramu kwa sheria ya mwaka 1966. Bangi inaweza kukupeleka jela miaka 30. Tumbaku ina bodi yake ya kitaifa.

Wengi wanaamini mpangilio huu umefuata madhara: kilicho haramu ndicho kinachoua zaidi, na kilicho halali hakina neno. Wengine wanasema ni sheria ya wakubwa dhidi ya wanyonge, basi. Nimefuatilia jambo hili kwa muda na ninachokiona ni hiki: mgawanyo wetu umefuata zaidi historia. Umeangalia nani alitengeneza kilevi, nani aliweza kukipima na kukitoza kodi, na nchi imesaini mikataba gani ya kimataifa. Madhara yapo katika hesabu hiyo, ila si ya kwanza. Ndiyo maana mlevi wa gongo, ambaye ndiye mgonjwa wa kawaida kabisa wa mkoa huu, hana ofisi hata moja iliyoundwa kwa ajili yake.

Tuanze na gongo, kwa sababu ndiko fundo lilipokaza.

Wageni wa kwanza kuandika habari za Unyamwezi walivikuta vilevi hapa. Richard Burton alipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, alikuta pombe ya nafaka inanywewa kila mahali, tumbaku inavutwa na bangi inajulikana. Hakuna aliyehitaji kibali. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalisaini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya watumwa ulizuia pombe kali kuingizwa katika ukanda mkubwa wa Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain, walikwenda mbali zaidi wakakataza hata kuitengeneza katika maeneo hayo. Tanganyika ilipokabidhiwa kwa Waingereza, kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake, lilikuwa tayari kosa. Pombe za kuchachusha tu, za mtama, mahindi na asali, ziliachwa, kwa kuwa zilikuwa chakula na sherehe za watu, na kwa kuwa vilabu vya pombe viliingizia miji mapato.

Uhuru haukufuta mstari huo. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria ya utengenezaji wa moshi, ndilo jina la gongo kwenye hati za mahakama, inayokataza kuitengeneza, kuimiliki au kuiuza bila leseni. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Vileo ya 1968, inayosimamia baa, maduka ya pombe na vilabu. Hizo mbili ndizo nguzo za udhibiti wa pombe Tanzania Bara hadi leo. Zimerekebishwa hapa na pale, lakini mifupa yake ni ile ile ya miaka ya sitini, na kwa miaka mingi nchi imekwenda bila sera moja ya kitaifa ya pombe ya kuziunganisha na masuala ya afya.

Kwa hiyo hoja ya kwamba gongo imekatazwa kwa ukali wake haitoshi. Pombe kali ya dukani yenye kileo cha asilimia 35 hadi 40 inauzwa hadharani na ina stempu ya kodi. Tofauti ya msingi ni kwamba ile ya dukani imepimwa, na gongo haijapimwa na mtu yeyote.

Jambo hilo la kupima lina uzito kuliko linavyosikika. Mpikaji huchachusha sukari guru, molasi, pumba za mahindi au matunda yaliyoiva kupita kiasi kwa siku kadhaa, mpaka povu linatulia. Mchanganyiko huo unamiminwa kwenye pipa la chuma juu ya mafiga. Mdomo wa pipa unazibwa kwa udongo au kwa donge la unga, na mrija unapitishwa katikati ya beseni la maji baridi. Kileo, ambacho wataalamu hukiita ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 za Selisiasi, wakati maji yanangoja nyuzi 100. Moto ukiwa wa wastani, mvuke unaotangulia hubeba kileo kingi na maji machache, unapoa ndani ya mrija na kudondoka kwenye chupa. Chupa za mwanzo zinakuwa kali sana, za mwisho zimepooza. Mpikaji mzoefu huzichanganya kwa kuonja. Kuni zikikolea zaidi leo kuliko jana, gongo ya leo si ya jana, na mnywaji aliyezoea vikombe viwili hajui kwamba viwili vya leo ni sawa na vitatu.

Kipimo kinachotumika mitaani ni kiberiti. Unamwaga kidogo kwenye kizibo, unawasha. Ikishika moto wa bluu, wanasema ni safi. Kipimo hicho kinathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna kileo cha kutosha kuwaka. Methanoli, ile sumu inayopofusha watu, nayo inawaka, tena moto wake hauonekani vizuri mchana. Katika pombe iliyochachushwa kwa sukari, asali au nafaka, methanoli huwa ni kidogo sana. Kwenye matunda huongezeka, ila mara chache hufikia kiasi cha kuua. Vifo vya mkupuo, vile vya watu wengi kwa usiku mmoja, kwa kawaida hutokea pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili pombe ionekane kali. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa macho. Dalili huchelewa, pengine nusu siku au siku nzima: kuona ukungu, tumbo kuuma, kuhema haraka haraka. Mtu anadhani ni uchovu wa pombe ya jana, kumbe anahitaji hospitali saa hiyo hiyo. Matibabu yapo, ila yanategemea kuwahi.

Hatari nyingine ambayo haisemwi sana iko kwenye mrija wenyewe. Bomba lililochomelewa kwa madini ya risasi, au rejeta ya gari kuukuu iliyogeuzwa kuwa kipoozeo, huacha risasi kwenye pombe, na risasi hujikusanya mwilini mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, ningependa msomaji asiondoke na picha ya methanoli peke yake, kwa sababu inatupotosha. Walio wengi wanaoharibiwa na gongo katika mkoa huu wanaharibiwa na ethanoli ya kawaida, ile ile iliyomo kwenye bia, inayonywewa kwa wingi asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bei ambayo hata kibarua wa siku anaimudu. Ini, ubongo, ndoa, ada ya mtoto. Hapo hakuna sumu ya ajabu ya kulaumu.

Na msako unafanya nini? Polisi, mgambo, na vijijini sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kutambuliwa na sheria, huvamia, humwaga, hutoboa mapipa. Anayekamatwa mara nyingi ni mwanamke mwenye watoto, anayelisha nyumba kwa kazi hiyo. Analipa faini. Pipa lingine linapatikana. Sisemi msako usifanyike. Pombe yenye spiriti ya viwandani lazima itafutwe kwa nguvu zote. Ninachosema ni kwamba sheria ya 1966 iliweka mlango wa leseni, na mlango huo vijijini hauonekani kabisa. Mpikaji hana pa kwenda kupimiwa pombe yake hata akitaka. Amebaki na njia mbili, kuacha au kujificha, naye ana watoto.

Wanzuki ni habari tofauti. Tabora ni mkoa wa asali, kutoka Sikonge hadi Urambo, na asali ikichanganywa na maji na kuachwa ichachuke inatoa pombe yenye nguvu ya bia au zaidi kidogo. Kangara huongezwa pumba za mahindi. Hizi ni pombe za kienyeji halali mradi kilabu kina kibali na kinafuata saa zilizowekwa. Usumbufu wake mkubwa ni usafi: maji yaliyotumika, kopo moja linalozunguka midomo kumi. Wakati wa kipindupindu, kilabu ndicho hufungwa mapema, na kwa haki.

Kuhusu baa, maneno machache yanatosha. Leseni inapitia halmashauri, na siku za kazi baa haitakiwi kufunguliwa asubuhi, jambo ambalo kila anayepita stendi asubuhi anajua linavyovunjwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 pombe, sigara au kilevi chochote. Haijali mtoto ametumwa na nani. Baba akimwambia mwanawe "nenda kaniletee bia mbili kwa Mangi", Mangi akitoa, Mangi amevunja sheria.

Hatua iliyobadilisha unywaji kuliko nyingine yoyote katika miaka ya karibuni, kwa maoni yangu, haikutoka kwenye sheria ya vileo kabisa. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza mwisho wa viroba, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, na kuanzia tarehe 1 Machi 2017 vikawa marufuku. Kanuni zilizotumika zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kisheria, kilichokatazwa ni mfuko wa plastiki. Pombe iliyokuwamo ndani iliendelea kuwa halali kwenye chupa. Matokeo yake lakini yalikuwa ya kiafya. Kiroba kilikuwa kinaingia mfuko wa shati, hakinuki mpaka kifunguliwe, na kilinunulika kwa sarafu za chenji. Mwanafunzi alikimudu, dereva wa bodaboda alikimudu kati ya abiria mmoja na mwingine. Chupa ina bei ya juu zaidi, na bei ya kuanzia ndiyo inayomzuia mtu mwenye pesa kidogo. Huo ni ukweli ambao nchi nyingi zimeuona: kipimo kidogo kabisa kinachouzwa kikipanda bei, vijana na wanywaji wakubwa ndio wa kwanza kupunguza. Tungekuwa na sheria ya vileo iliyo hai tusingesubiri uchafu wa plastiki utuokoe.

Sasa bangi. Hapa mtu anahitaji kusoma polepole, maana umbali kati ya kosa dogo na kosa la kumaliza maisha ya mtu ni mfupi.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na kukazwa kwa marekebisho ya 2017. Ndiyo iliyozaa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, iliyoanza kazi mwaka 2017 ikiwa na uwezo wa kukamata, kupekua na kuchunguza, tofauti na Tume ya zamani ambayo kazi yake ilikuwa kuratibu. Anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe ana kosa lenye faini au kifungo cha miaka michache. Anayepatikana na hatia ya kusafirisha au kulima anakabiliwa na miaka 30. Kiasi kikiwa kikubwa, ni kifungo cha maisha, na kwa kiasi hicho dhamana haipo kesi ikiendelea.

Tatizo liko kwenye kusafirisha. Watu husikia neno hilo wakafikiria lori, bandari, ndege. Sheria inalitafsiri kwa upana mno: kununua, kuuza, kutoa bure, kuhifadhi, kubeba, kupeleka, kugawa, vyote vimo. Kijana aliyemwekea rafiki yake kifurushi chini ya kitanda anaweza kushitakiwa kwa kosa hilo hilo la mwenye gari. Tabora ni njia panda ya reli, treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda zinakutana hapa, na "nisaidie kushika huu mzigo mpaka Malongwe" ni ombi la kila siku ndani ya behewa. Usishike mzigo ambao hukuona ukifungwa. Mwenye nyumba naye asijidhanie yuko nje: sheria inamgusa mmiliki au mpangaji mkuu anayeruhusu eneo lake litumike kwa dawa hizo. Na mwenye shamba ambaye katikati ya mahindi kuna mistari ya mmea mwingine atatakiwa kueleza.

Mirungi imo ndani ya sheria hiyo hiyo. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, na hapo ndipo wasafiri hunaswa, wakidhani kinachouzwa sokoni upande ule hakiwezi kuwa kifungo upande huu. Ni majani yale yale. Mpaka ndio umebadilisha kila kitu.

Kuna uvumi mwingine unaozunguka kwenye makundi ya simu, kwamba Umoja wa Mataifa umeshahalalisha bangi. Kilichotokea ni kwamba Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi kwenye jedwali la nne la Mkataba wa 1961, lile la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari kuliko zote na zenye faida ndogo ya tiba. Imebaki kwenye jedwali la kwanza, pamoja na afyuni na kokeini. Sheria ya Tanzania haikubadilika hata herufi kwa kura ile.

Mkataba huo wa 1961 ndio unaoeleza pia kwa nini bangi iko upande mmoja na pombe na tumbaku upande mwingine. Mataifa yaliyokaa mezani kuandika mikataba ya 1961, 1971 na 1988 yalikuwa na viwanda vya pombe na sigara nyumbani kwao. Vilevi hivyo viwili havikuwekwa kwenye orodha. Si kwamba kuna daktari aliyevipima akasema ni salama. Bangi ni vigumu sana kumuua mtu kwa dozi moja. Pombe inaua kwa usiku mmoja. Kwa upande wake bangi, hasa ikianza utotoni na kutumiwa kila siku, huongeza uwezekano wa kuchanganyikiwa akili, kusikia sauti zisizokuwepo, na huharibu umakini wa mwanafunzi. Anayemwambia kijana wa miaka 15 kwamba ni majani tu ya asili anamdanganya. Anayemwambia kwamba pombe ni afadhali naye anamdanganya.

Halafu kuna jani letu jingine.

Tumbaku ya Urambo ilishika baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kuanguka kwa aibu mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ardhi iliyokuwa imefyekwa ikatafutiwa zao jingine. Leo Tabora ni moyo wa tumbaku ya nchi hii, na ukitaka kuelewa kwa nini nyumba ya bati imesimama Kaliua au kwa nini mtoto wa Sikonge amefika chuo, mara nyingi jibu ni mitumba ile. Siwezi kumwambia mkulima atupe jembe kesho. Lakini lazima tuseme ilivyo: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Hakuna kingine kati ya vilevi vile vitano kinachofikia hapo.

Sheria ya tumbaku ni ya 2003, na mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Hairuhusiwi kumuuzia mtoto sigara, na uvutaji kwenye maeneo ya umma umewekewa mipaka. Ofisi moja inahamasisha kilo ziongezeke shambani, ofisi nyingine inahamasisha zipungue mapafuni, na zote ni za serikali ile ile.

Nikotini, kilevi chenyewe kilichomo ndani ya tumbaku, haingoji sigara iwashwe. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, mchumaji hubeba kumbatio la majani mabichi kifuani mpaka shati linalowa. Nikotini huyeyuka kwenye maji hayo na kupenya ngozi. Kufikia mchana anatapika, kichwa kinazunguka, jasho jembamba, mapigo ya moyo yanabadilika. Watu husema ni njaa au malaria. Ni sumu ya majani mabichi, inajulikana kitabibu, na huwapata zaidi wadogo wa mwili na wasiovuta, kwa hiyo watoto wanaosaidia shambani wako mstari wa mbele. Kinga yake ni rahisi: kungoja umande ukauke, kuvaa kitu kisichopitisha maji kifuani na mikononi, kunawa kwa sabuni na kubadilisha nguo mara baada ya kuchuma.

Habari za dawa za kulevya zinazofika kwetu kwa redio nyingi ni za pwani. Desemba 2023 DCEA ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, shehena kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kukamatwa nchini hadi wakati huo. Heroini imekaa zaidi Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kwa sababu inakuja kwa bahari. Mzazi wa Isevya au Cheyo, hapa Tabora mjini, anayesikiliza hayo anaogopa unga, yaani heroini, anapekua begi la mwanawe kutafuta kete, na chupa ya maji yenye gongo iliyoko humo humo anaipita.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu watu wazima 3 kati ya 10, wenye miaka 25 hadi 64, wamekunywa pombe ndani ya siku 30. Ina maana wengi hawakuwa wamekunywa katika siku hizo. Kwa hiyo pombe inayopikwa na kuuzwa inaishia kwa wachache, na wachache hao wanakunywa sana kwa mara moja. Huku kwetu unywaji huo unafuata fedha. Masika pesa hakuna, mtu anakaa na kopo la wanzuki la kukopa. Malipo ya tumbaku yakishuka kwa mkupuo, mwaka mzima wa jasho unaingia mfukoni kwa siku moja, na wauzaji wa kila kilevi wanajua tarehe. Akina mama wa vijijini huwa wanaomba malipo yapitie akaunti yenye majina mawili, au yagawanywe kwa awamu. Naliunga mkono ombi hilo kwa moyo wote. Lingefanya kazi kuliko msako.

Imebaki tiba, na hapa kutoelewa kunaua watu.

Tiba inayotangazwa zaidi nchini ni methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye kuenea mikoa mingine. Mraibu anakunywa dozi kila siku mbele ya mhudumu. Inasaidia sana, ila ni kwa watumiaji wa heroini na jamii yake tu. Haimsaidii mlevi wa pombe wala mvuta bangi. Familia inayokusanya nauli kumpeleka mlevi wa gongo kutafuta methadoni itarudi mikono mitupu.

La pili ni baya zaidi. Mtumiaji wa heroini akiacha ghafla anateseka, mwili unauma, anatapika, lakini mara chache hufa kwa kuacha kwenyewe. Mnywaji mkubwa wa pombe akiacha ghafla anaweza kufa. Ubongo uliozoea kupozwa na kileo kila siku hubaki umechacharika kinapokatwa. Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi haupo. Degedege linaweza kufuata ndani ya siku mbili. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo, kuchemka mwili. Nyumbani husemwa amerogwa, au ni mashetani ya pombe yanatoka. Anafungwa kamba, anafungiwa chumbani, anaombewa. Katika chumba hicho ndimo watu hufia, ndugu zao wakiwa wamekusudia kuwaokoa.

Kwa hiyo mtu anayekunywa gongo kila siku, hasa yule anayeanza asubuhi ili mikono itulie, asiachishwe kwa kufungiwa. Mpelekeni kituo cha afya, na kwa hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, kabla ya kumkatia pombe au mara tu mtetemeko unapoanza. Mwambieni mhudumu bila kuficha anakunywa nini, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kikombe cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Taja pia kama amewahi kupata degedege alipojaribu kuacha. Zipo dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na sindano za vitamini B1 ambazo walevi wengi wameishiwa nayo kwa kunywa bila kula. Kwa bangi, unga au dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya, DCEA wana namba ya bure, 119. Kwa pombe namba ya namna hiyo haipo, na mlango wa kituo cha afya ndio uliopo.